Mgeni wa Krismasi na Jembe la Siku ya Tatu

Jirani yangu Mwislamu uliyeiacha redio wazi huku ukisubiri taarifa ya habari, kaa hapo hapo, maana mazungumzo ya leo yana sehemu yako pia.

Arusha imeshachangamka. Soko la Kilombero halipitiki. Mafundi cherehani wamefunga kupokea vitambaa, na yule anayemwahidi mteja kwamba gauni litakuwa tayari mkesha wa sikukuu anajua moyoni mwake kwamba anadanganya. Tengeru, siku ya soko, mbuzi wanapanda bei kabla hawajashushwa garini. Watu wa Rombo, Marangu na Machame wanaoishi huku wanafunga mizigo kwenda nyumbani, na barabarani watapishana na mabasi yaliyojaa kutoka Dar es Salaam. Hata treni ya abiria, iliporudi Moshi baada ya takriban robo karne ya kutokuwepo, ilirudi Desemba, mwaka 2019. Iliupata mwezi wenyewe.

Sasa tazama kalenda ya serikali. Sikukuu ya Krismasi ni siku mbili za mapumziko: tarehe 25, na tarehe 26 tunayoiita Boksing Dei. Tarehe 27 watu wanarudi kazini. Wahenga nao walituachia methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sidhani kama aliyeitunga alikuwa na Krismasi akilini, lakini hesabu zinakubaliana vizuri mno, na mimi nimeamua kuzifuata.

Maana ndivyo tunavyofanya, au tuseme ndivyo tusivyofanya. Mwana wa Mungu tunampokea kwa siku mbili. Tunampambia kanisa, tunamwimbia kwaya hadi sauti zinakauka, tunampikia pilau, tunamchinjia mbuzi. Kisha ikifika siku ya tatu, badala ya kumpa jembe, tunamsindikiza stendi. Tunamwambia asante kwa kuja, tutaonana Pasaka. Shambani kwetu hajafika. Dukani hajaingia. Ofisini hajui meza yetu iko wapi. Halafu Februari tunalalamika kwamba imani imepoa.

Neno langu la leo ni hilo moja, na nitalizunguka kama mtu anavyouzunguka Mlima Meru, kutoka Ilboru hadi Ngare Nanyuki: Krismasi humfanya Mkristo kuwa mpya pale anapomzuia Mgeni huyu asiondoke, akamkabidhi jembe, akaingia naye mahali anapopatia riziki yake.

Tuanze na sisi wenyewe, watu wa mji huu. Arusha inakula kwa mgeni. Anakuja kwa ajili ya Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Manyara, analala kwetu, anakula kwetu, anapandishwa gari hapa. Mgeni mwingine amekuja kwa mikutano pale AICC. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mjini mwetu hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao yake yapo hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapa. Kupokea wageni tunakujua kitaalamu. Tunajua kutandika kitanda, kutabasamu alfajiri, kuandika bili.

Kwa hiyo habari ya Injili ya Luka inapaswa kutugusa kuliko watu wengi. Yusufu na Mariamu wametoka Nazareti hadi Bethlehemu kwa sababu dola ya Kirumi inaandikisha watu. Mama ni mjamzito, siku zake zimetimia. Nafasi katika nyumba ya wageni haipo, na mtoto analazwa kwenye hori la mifugo.

Kwenye maigizo ya Shule ya Jumapili huwa tunamweka mwenye gesti, tunampa sauti nzito na kofia, naye anawafukuza wageni huku watoto wakicheka. Lakini ukisoma Luka kwa makini, mtu huyo hayupo. Luka hakumtaja. Hakuna aliyefoka, hakuna aliyebamiza mlango. Luka anachosema ni kwamba nafasi haikuwepo, basi.

Hapo ndipo ninapopata shida, msikilizaji, kwa sababu ningependa Krismasi iwe na mtu mbaya wa kumlaumu. Herode atakuja baadaye, ni kweli, lakini usiku ule wa kwanza hakuna mbaya. Palijaa tu. Nami nikiwatazama Wakristo wa mji huu, nikijiweka na mimi humo, sioni watu wanaomkataa Yesu. Naona watu waliojaa. Wamejaa michango, vikao vya harusi, marejesho ya vikoba, sherehe za kipaimara za mwisho wa mwaka ambazo siku hizi zina kamati, mapambo na mshereheshaji. Anayekuja kubisha hodi hafukuzwi. Hasikiki.

Wazee wana methali nyingine juu ya mgeni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ajabu yake ni kwamba anayepona si mgeni aliyechoka na safari, ni mwenye nyumba. Kanisa halijawahi kuifafanua Krismasi kwa maneno machache kuliko hayo. Ila ili mwenyeji apone, mgeni lazima aingie ndani, aone kitanda kilichovunjika na sufuria lililotoboka. Mgeni unayemwacha sebuleni kwenye kochi la wageni hawezi kukuponya.

Sasa twende Akeri, upande wa Usa River, maana mlima huu una historia yake na huyu Mgeni, na haikuanza vizuri.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Vijana hao wawili walikuwa wametoka nchi za Baltiki, huko ambako leo kuna Estonia na Latvia. Walikuja kutafuta mahali pa kujenga kituo cha injili. Lakini karibu nao alikuwa amepiga kambi Kapteni Kurt Johannes, ofisa wa Kijerumani kutoka Moshi, pamoja na askari wake. Wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha waliona wazungu wamefika kwa pamoja, wamelala karibu karibu, wengine na Biblia, wengine na bunduki. Ungekuwa wewe, ungetenganishaje?

Kilichofuata kilikuwa kisasi. Johannes alirudi na nguvu kubwa zaidi. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1900, wakuu kadhaa wa Kichaga, wa Kimeru na wa Kiarusha walinyongwa Moshi, akiwemo Mangi Meli. Hapa Arusha Wajerumani wakajenga boma lao, na jengo hilo bado lipo, leo ni makumbusho. Ukipita pale, kumbuka kwamba watu wa mlima huu ndio waliofanyishwa kazi ya kulijenga wakati majivu ya nyumba zao bado hayajapoa.

Kwa macho ya kawaida, habari ya Kristo ilitakiwa kuishia hapo. Ingekuwa haki ya Mmeru kusema, kama huyu ndiye mgeni wenu, rudini naye. Lakini mwaka 1902 wamisionari wengine wa Leipzig, akiwemo Arno Krause, walifika Nkoaranga, na mwaka 1904 kituo kikafunguliwa Ilboru kwa Waarusha. Tofauti na Johannes, hawa hawakuja kupita. Walikaa. Walijifunza lugha, wakalima bustani, wakafundisha kusoma, wakafunga vidonda. Watu hawakuwakimbilia. Miaka ilipita, wakapatikana wachache wa kubatizwa, kisha wachache wengine. Siwapambi wamisionari, walikuwa na makosa yao, na dola iliyowalinda ilikuwa dola ya kikoloni. Nasema tu kwamba injili iliyoshindwa kuingia pamoja na bunduki iliingia pamoja na jembe, polepole, kwa kukaa.

Na jembe hilo halikubaki mikononi mwa wageni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Nani aliyebaki na sharika? Walimu wenyeji, wengi wao bila mshahara wa maana, wakifundisha chini ya miti na ndani ya vibanda vya nyasi. Majina ya wengi wao hayamo vitabuni. Krismasi za miaka ile hazikuwa na misheni ya kugawa zawadi. Hata hivyo wageni walipokuja tena kutoka Ulaya na Marekani, walilikuta kanisa lipo, linaimba, linabatiza. Leo pale Makumira, hatua chache kutoka barabara kuu ya Moshi, kuna chuo cha Kilutheri kilichowafunza wachungaji wa nchi nzima tangu kilipohamia hapo katika miaka ya 1950, na makao makuu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, yako Arusha. Haya yote yalipitia mikono ya watu ambao kwao siku ya tatu ilidumu miaka.

Tusonge mbele kidogo, tupande upande wa kaskazini mashariki wa mlima, Ngare Nanyuki.

Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi yao ya Ngare Nanyuki, ili eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Watu waliambiwa waende King'ori, mahali walipopakataa, na wengi wakaishia kwa ndugu na jamaa. Hesabu mwenyewe: Krismasi ya mwaka ule iliwakuta wiki chache tu baada ya mapaa yao kuwa majivu. Miongoni mwao walikuwemo Wakristo waliobatizwa na kulelewa na misheni hii hii niliyoisimulia. Kwao habari ya mama asiyepata mahali pa kulala haikuhitaji mhubiri wa kuifafanua. Na serikali iliyowafukuza ilikuwa ya watu ambao nao, tarehe 25, walikwenda kanisani kuimba kuhusu Bethlehemu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Wameru wangeweza kuifanya imani yao kuwa kilio peke yake. Badala yake walichangishana. Watu waliopoteza nyumba na mifugo walitoa senti zao ili mmoja wao, Kirilo Japhet, apande ndege hadi New York. Julai 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akaieleza dunia kilichotendeka kwenye mteremko wa Meru. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi yao. Lakini kesi ile ilizunguka Tanganyika yote, ikawaonyesha watu kwamba dola inaweza kusimamishwa na kuulizwa, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta udongo umeshalimwa.

Sisemi kwamba Krismasi ndiyo iliyompeleka Kirilo Marekani, hilo ningelitunga. Ninasema kwamba ukitaka kujua Krismasi yenye kusudi inafananaje mwezi Januari, tazama watu wale wanaokusanya michango wakiwa hawana paa. Walikuwa na haki ya kukaa chini na kusubiri mtu mwingine awasaidie. Walishika jembe.

Ili tusije tukadhani wabaya daima ni wageni, tukumbuke jambo jingine, la karibu zaidi, ambalo baadhi yenu mlioko Poli, Nkoaranga na Usa River mnalikumbuka kwa macho yenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligawanyika juu ya madai ya kuwa na dayosisi yao, watoke chini ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Hoja zilikuwepo pande zote mbili, na leo sitaki kuwa hakimu. Lakini ugomvi ule ulitoka vikaoni ukaingia vijijini. Watu waliumizwa. Mali ziliharibiwa. Ndugu wa tumbo moja walipishana njiani bila kusalimiana, kila mmoja akiwa na Biblia yake kwapani, akienda kusali kwa Baba yule yule.

Hatimaye Dayosisi ya Meru ikapatikana, na wengine wakaenda na kanisa lao jipya. Katiba zilitengeneza mipaka. Ila katiba haiwezi kumfanya mtu avuke uzio kwenda kwa shemeji yake. Hiyo ilikuwa kazi ya watu binafsi, na ninavyojua maisha ya kijijini, kazi kama hizo mara nyingi huanza na msiba, harusi, au sahani ya chakula mwezi wa Desemba. Mtoto anatumwa: peleka hii kwa baba mkubwa, usiseme neno, weka tu mezani urudi. Msikilizaji, kama katika ukoo wako bado ipo nyumba isiyovukwa tangu miaka ile, au tangu ugomvi wa mpaka wa kihamba, mwaka huu hujakosa shughuli ya kufanya.

Na pale Olasiti, nje kidogo ya mji, tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa katikati ya waumini siku ya kuzindua parokia mpya ya Katoliki. Watu watatu walifariki, makumi wakajeruhiwa. Baada ya siku kama ile kufunga mlango huonekana ndiyo busara, na kumshuku jirani kunaitwa tahadhari. Lakini msimamizi wa parokia ile ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Ndiye yule seremala wa Nazareti aliyekosa pa kumlaza mke wake Bethlehemu, akakimbia na mtoto usiku hadi Misri kuokoa maisha ya mtoto huyo, kisha akarudi akaendelea na randa na msumeno. Hofu ilimpata, na bado alirudi kazini. Waumini wa Olasiti wanaendelea kusali chini ya jina lake. Na mji huu, pamoja na kidonda kile, bado ni mji ambao sahani ya pilau hutoka kwa Mkristo kwenda kwa Mwislamu Desemba, na hurudi ikiwa imejaa siku ya Idi. Ndiyo maana nilikuambia usiondoke, jirani. Sahani hiyo ni mahubiri ambayo sisi wenye maikrofoni hatuwezi kuyashinda.

Sasa turudi kwenye kalenda, safari hii ya kanisa. Watu wengi hawajui kwamba kanisa la kale liliweka kumbukumbu nzito mara tu baada ya Krismasi. Tarehe 26 ni Stefano, shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe. Tarehe 28 ni watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Na katikati yao, tarehe 27, siku yetu ya tatu, ni Yohana Mtume na Mwinjilisti. Huyu ndiye ambaye Injili yake haina habari ya hori wala ya wachungaji wa Bethlehemu. Inakwenda moja kwa moja kusema kwamba Neno wa Mungu alitwaa mwili akafanya makao katikati ya watu. Na waraka unaobeba jina lake unamuuliza Mkristo swali gumu: utampendaje Mungu usiyemwona, ikiwa ndugu unayemwona humpendi? Unataka upendo wa vitendo, si wa ulimi.

Kwa hiyo siku ya tatu imeshaandaliwa. Kilichobaki ni kumpeleka Mgeni shambani. Mimi naona mashamba matatu.

La kwanza ni malipo ya watu wanaokutumikia. Kuna dada wa kazi mjini hapa ambaye Krismasi atapewa kitenge na soda, naye atashukuru, lakini mshahara wake wa Oktoba na Novemba haujalipwa. Kuna mlinzi wa usiku, kijana wa Kimaasai mwenye rungu na blanketi, anayelinda nyumba ya mzee wa kanisa, ambaye hakumbuki lini mara ya mwisho alipata siku ya kupumzika. Kuna kibarua wa shamba la maua na mpagazi wa mlimani anayerudi na miguu iliyochubuka akisubiri bosi amalize "kuweka sawa hesabu". Zawadi ni nzuri. Lakini zawadi inayotolewa juu ya deni si zawadi. Ni kumpa mtu sehemu ya mali yake mwenyewe na kumtaka akushukuru. Kama unataka Krismasi ikufanye mpya, lipa kwanza, zawadi baadaye.

La pili ni wale walio kazini wakati sisi tunasherehekea. Desemba ni msimu wa watalii. Usiku wa mkesha, wakati sisi tunawasha mishumaa kanisani, kuna dereva wa watalii amelala Seronera, ndani ya Serengeti, mbali na watoto wake. Kuna wapagazi na wapishi kwenye kambi ya Miriakamba ya Mlima Meru, juu ya lango la Momella, wanapika supu kwenye baridi ili mgeni apate nguvu za kuelekea kileleni, na pembeni yao askari wa hifadhi anakesha na bunduki kwa sababu ya nyati. Kuna wauguzi wa hospitali za Mount Meru, Selian na Nkoaranga ambao hawatavua sare. Huwa tunawaonea huruma kwamba wamekosa Krismasi. Lakini Luka anasema habari ya kwanza ya kuzaliwa kwa Yesu iliwafikia watu waliokuwa zamu ya usiku, wakichunga mifugo makondeni. Hawakupewa ruhusa kwanza ndipo wakaambiwa. Waliambiwa wakiwa kazini. Kwa hiyo wewe uliyeko zamu, ukinisikia kwa redio ndogo jikoni mwa hoteli, hujaikosa. Na ninyi wachungaji na mapadre, sharika na parokia zetu zina watu hawa kwa mamia. Ibada moja ya saa kumi na mbili jioni, siku yoyote kati ya sikukuu na mwaka mpya, kwa ajili ya waliokuwa kazini, haitavunja ratiba ya mtu. Na wiki hiyo hiyo mzee wa kanisa apite nyumbani kwa yule ambaye mumewe yuko porini, aulize watoto wamekula nini.

Shamba la tatu ni nyumba zetu za vijijini. Wanaoelekea Machame na Rombo wananielewa. Ziko nyumba kubwa, za vigae, zenye vyumba sita, ambazo hufunguliwa Desemba. Wiki mbili taa zinawaka, muziki unapigwa, ndafu anakatwa. Tarehe moja au mbili Januari makufuli yanarudishwa, na mama mzee anabaki peke yake kwenye nyumba ya zamani iliyo nyuma, akitunza funguo za vyumba asivyolala. Watoto wamekuja, wamepiga picha, wameondoka. Sitaki kumharibia mtu safari. Nenda nyumbani, mchinje, mfurahi. Kurudi kwa wazazi ni jambo jema. Ila kabla hujageuza gari kurudi, kaa na mama siku moja isiyo na sherehe. Uliza dawa zake zinakwisha lini, nani anamchotea maji, paa la jiko linavuja wapi. Halafu panga na ndugu zako nani atafanya nini Februari, nani Machi. Hilo ndilo jembe.

Najua kuna atakayesema, mzungumzaji, unaifanya Krismasi kuwa mzigo. Mwaka mzima tumefanya kazi, tuachie siku mbili tufurahi. Nakubali, na siichukui furaha ya mtu. Yesu mwenyewe alikwenda harusini Kana, na hakwenda kuwahesabia watu vikombe. Sherehekeni kwelikweli. Methali yenyewe haisemi mpe mgeni jembe siku ya kwanza. Inampa siku mbili za kula na kulala. Kosa letu liko kwingine, kwamba tunadhani siku mbili ndiyo sikukuu nzima. Furaha isiyo na mahali pa kwenda baada ya tarehe 26 hugeuka kuwa uchovu na madeni, na kila mwenye ada, sare na madaftari ya Januari anajua ninachosema. Furaha iliyopata kazi ya kufanya haichakai upesi.

Wala sisemi tufanye mambo makubwa. Wale walimu wa 1920 waliwafundisha watoto kusoma herufi. Wameru wa 1951 walitoa senti. Mtu anayetaka kuifanya upya imani yake yote kwa mpigo mmoja huishia kuandika maazimio ya mwaka mpya na kuyasahau kabla Januari haijafika katikati. Chukua moja. Tafuta jina moja: la mtu unayemdai haki au anayekudai haki, la ndugu msiyeongea, la mzee asiyetembelewa, la kijana wa jirani aliyekosa ada. Liombee siku ya Krismasi kanisani, ukiwa umevaa nguo zako nzuri. Kisha tarehe 27, kabla hujafungua duka au ofisi, kabla hujapanda kifodi cha kwenda mjini, mpigie simu mtu huyo au nenda kwake. Usitume ujumbe. Nenda.

Ukifanya hivyo, utaniambia kama imani yako ya Februari inafanana na ya mwaka jana.